Kahawa ya Mnyonya Damu

Nilimjua kabla hajafungua mdomo, kwa jinsi alivyofuta miguu. Mvua ilikuwa inamwagika Kishanda nzima, matope mekundu yamepanda mpaka kwenye ngazi, na yule kijana alikuwa amesimama nje ya mlango wangu akikwangua viatu vyake kwenye jiwe, taratibu, kimoja halafu cha pili, kama mtu anayejiandaa kuingia kanisani. Mwizi hafuti miguu. Na aliyekuja kuchezea binti wa watu, naye hafuti.

"Huyo ndiye Mayenga, mama," Kezia aliniambia jikoni. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea. "Tunasoma naye. Ndiye mwongozaji wa filamu yetu."

"Mwongozaji," nikasema, nikikoroga ndizi na maharage. "Na wewe anakuongoza kwenda wapi?"

"Mama, jamani!"

Akacheka, lakini hakunitazama. Alitazama mlangoni.

Kezia ni mwanangu wa pekee. Anamalizia masomo ya utangazaji mjini Bukoba, chuo kiko Bakoba, naye amepanga chumba Buhembe na mwenzake Stellah. Tangu baba yake atangulie mbele za haki sijamwona akiogopa kitu. Nyoka ameua mwenyewe kwenye migomba. Lakini Jumamosi ile alikuwa amejifunga kitenge, na kwenye pindo la kitenge kulikuwa na fundo dogo, limekazwa sana, na kila macho yake yalipokwenda mlangoni, mkono wake ulikwenda kwenye lile fundo. Nililiona. Sikuuliza. Mambo mengine ukiyasubiri hujileta yenyewe.

Kilichomzuia Mayenga kuingia hakikuwa matope. Shemeji yangu Kagaruki, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alikuwa ameweka kiti chake katikati ya mlango na kuketi, fimbo imelazwa magotini. Wasichana aliwapisha. Kijana alipofika aliitikia salamu yake, akamuuliza kwao, akasikia ni visiwani Ziwa Victoria, akamwangalia kuanzia juu mpaka chini, na neno "karibu" halikutoka. Kwa hiyo Mayenga alibaki barazani, bati likimtiririshia maji kwenye bega moja.

Walikuwa wamekuja kuomba nyumba. Si hii ninayoishi, ila ile ya chini, ya baba mkwe, iliyojengwa kwa mawe. Haina mtu siku nyingi. Bati limekula kutu, popo wamejaa darini, mlango wake ukiusukuma unalia kama mtoto. Na mbele yake, katikati ya migomba, wamelala wazee wetu. Sisi Wahaya hatuwapeleki wafu wetu mbali. Tunawazika kibanjani, karibu na nyumba, ili anayekwenda kukata ndizi apite amsalimie baba yake. Mume wangu yuko pale.

"Haya," Kagaruki akasema. "Huyo mnyonya damu wenu anatoka wapi?"

"Kaburini, baba," Stellah akajibu. Stellah ndiye mpiga picha wao, msichana wa maneno mengi na meno meupe, hajui kunyamaza.

"Kaburi la nani?"

Stellah akajua kunyamaza.

"La kutengeneza, mzee," Mayenga akajibu kutoka nje. "Tutarundika udongo pale mwisho wa mibuni, tuweke msalaba wa mbao. Makaburi ya familia hatutayagusa. Wala kamera haitayaangalia."

"Na watu wakisikia Kishanda kuna mnyonya damu? Mtapigwa mawe kabla hamjawasha hiyo mitambo."

"Ndiyo maana tumeanza kwenu. Baada ya hapa tunakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na kesho tutaomba itangazwe kanisani."

Nikamwongezea alama moja moyoni. Kagaruki hakuongeza.

"Mimi sinema nimeziona," akasema. "Watu wanapigana, wanabusiana, basi. Hii yenu ikoje?"

Hapo Mayenga akasahau kwamba analowa. Uso wake ulifunguka.

"Hizi zina mila zake, mzee. Lazima kuwe na nyumba ya zamani yenye siri. Ukungu, na ukungu wa huku hatuhitaji kuutengeneza. Mshumaa unaotaka kuzimika. Chumba kimoja ambacho binti anakatazwa kuingia, naye anaingia."

"Kwa nini anaingia?"

"Akitii, baba, filamu inaisha hatujakaa vizuri," Stellah akasema.

"Mnyonya damu mwenyewe," Mayenga akaendelea, "kwenye kioo haonekani. Jua linamuunguza. Kitunguu saumu anakikimbia."

"Basi mboga za Mama Kezia hataonja," Kagaruki akasema.

"Na haingii nyumba ya mtu mpaka akaribishwe. Hata akiwa na njaa ya mwaka. Atasimama mlangoni mpaka mwenye nyumba atamke mwenyewe."

"Kumbe ana adabu," Kagaruki akasema, "kuliko wachumba wa siku hizi."

Stellah akapasuka kicheko, kisha akamwona Mayenga na bega lake lililolowa, na kicheko kikamfia mdomoni. Kezia akainamisha kichwa. Mimi nikatoka jikoni nikiwa bado na mwiko mkononi.

"Nami nina swali," nikasema. "Mimi ni mtu wa kanisani. Sitaki shetani ashinde kwenye nyumba ya mkwe wangu. Mwisho wake nani anashinda?"

Mayenga alinitazama kwa heshima, na kabla hajajibu macho yake yalinipita yakaenda kwa binti yangu, yakakaa huko. Kutazama ni kwingi. Kuna kutazama kwa kula, na kuna kutazama kwa kuuliza. Kwake kulikuwa kwa kuuliza.

"Mwisho ndio unaotusumbua, mama," akasema. "Tunataka binti ashinde. Lakini anampenda. Na hatujui mtu anamshindaje anayempenda."

Mvua ikazidi. Kisha Stellah, kwa nia njema kabisa, akatuangamiza.

"Lakini kuna sehemu moja, baba, utaipenda, ni ya kwetu huku huku! Wazungu mnyonya damu wao anang'ata shingo. Wetu hang'ati. Anachuma tunda la kahawa, analipasua, punje mbili zinatoka. Anazipaka damu. Moja anameza yeye, moja anampa binti, wanaangaliana. Yaani! Kezia na Mayenga walipoifanyia mazoezi darasa zima lilikaa kimya. Mimi mwenyewe nilisahau kubonyeza kamera."

Kiti cha Kagaruki kikalia.

"Waliifanya?"

"Jumatano, baba. Damu ilikuwa ya rozela tu, nilichemsha mimi na sukari."

"Walimeza?"

"Walimeza ndiyo. Bila kumeza haipendezi."

Kagaruki aliegemea nyuma. Nimeishi na mtu huyu jirani tangu nilipoolewa, najua uso wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa akitafuta jembe shambani na kumbe alikuwa amelikalia.

"Mama Kezia," akaniambia, lakini alikuwa anasema na mlango. "Tangu asubuhi nilikuwa najiuliza nitamkataaje huyu kijana bila kumvunjia heshima. Maana sikudanganywa na habari za nyumba. Kijana hatoki Bukoba kwenye mvua kwa ajili ya bati lenye kutu. Kumbe amejikataa mwenyewe."

"Sijaelewa, mzee," Mayenga akasema.

"Utaelewaje? Wewe ni wa visiwani. Hicho mlichofanya kina jina. Ni omukago. Punje mbili za tunda moja, damu yangu umeze wewe, yako nimeze mimi. Tangu hapo sisi ni ndugu wa tumbo moja. Nikifa, unanichimbia kaburi. Ukilala njaa, mimi sili. Na ndugu hawaoani. Huyu Kezia sasa ni dada yako. Karibu kwenye ukoo."

"Ilikuwa maigizo, baba!" Stellah akalia.

"Damu ilikuwa ya maigizo. Kahawa ilikuwa ya kweli, na mashahidi ni darasa zima. Siku ya posa wazee watauliza jambo moja tu: walimeza au hawakumeza?"

Nilitaka kubisha. Nasali kila siku na simuogopi mzimu wowote. Lakini nilijua alichosema ni kweli kwa namna yake. Wapo watu hapa Muleba ambao babu zao walimeza kahawa pamoja, na mpaka leo kijana wa huku akimtamani binti wa kule anarudishwa njiani. Mchungaji angesema hakuna kitu. Wazee wasingekaa kwenye mkeka kupokea posa.

Mayenga alikuwa amebadilika rangi. Alishika nguzo ya baraza.

"Baba yangu alikuwa na mtu," akasema polepole. "Mhaya, walikuwa wanavua pamoja. Baba alipofariki, yule mzee alilia kuliko sisi watoto. Nikauliza kwa nini, nikaambiwa hawa walimeza kahawa. Nikakaa na jambo hilo moyoni. Nikaona basi nchi hii hakuna kiapo kikubwa kuliko hicho. Nilipoandika filamu nikataka..." Akakwama. Akaanza tena, na safari hii hakumtazama Kagaruki. "Kezia, nilitaka nikuambie neno ambalo halirudi nyuma. Kwa mdomo wangu nilishindwa, nikaliachia kazi hilo jitu la kaburini. Hakuna aliyeniambia kwamba kiapo hicho kinafungua mlango mmoja na kufunga mwingine."

"Sasa umeambiwa," Kagaruki akasema.

"Nimeambiwa. Na bado siondoki. Kama kuna namna ya kuitapika, mzee, nionyeshe, nitaitapika hapa hapa kwenye mvua."

"Haitapikwi."

"Basi nitajie wazee wanaoweza kuifungua, niwatafute mmoja mmoja."

"Haifunguliwi."

"Basi nitakaa hapa nje mpaka ifunguliwe."

Hakupaza sauti. Hilo ndilo lililonigusa. Mume wangu alikuwa hivyo hivyo. Siku wajomba zangu walipomkatalia alikaa chini akasema, haya, mimi nasubiri, na akasubiri kweli, mpaka wakaona aibu kumrukia kila asubuhi wakienda shambani.

Nikamgeukia mwanangu. Nilitegemea machozi. Sikuyaona. Alikuwa amesimama wima katikati ya sebule, kidevu juu, na mkono wake uko pale pale, kwenye fundo la kitenge.

"Kezia," nikasema. "Umeshika nini?"

"Mama..."

"Tangu umeingia hujakiachia. Kama ni kitu cha kufichwa, kifiche vizuri. Kama si cha kufichwa, kitoe."

Alimtazama baba yake mkubwa. Kisha akaanza kulifungua fundo kwa kucha, maana alikuwa amelikaza, na sisi sote tukawa tunatazama vidole vyake kama watu wanaosubiri senene watoke mtegoni. Kitambaa kikaachia. Kwenye kiganja chake kulikuwa na punje moja ya kahawa, ndogo, imekauka, na upande mmoja una rangi nyekundu ya rozela.

"Sikumeza," akasema.

Stellah akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Niliibana shavuni. Kamera ilipozimwa nikaitema. Bibi alinifundisha omukago nikiwa mdogo, nilijua ni nini."

"Ulijua!" Kagaruki akasema. "Ulijua na ukamwacha mwenzio ameze?"

"Ningesema nini, baba mkubwa? Nisimame mbele ya darasa niseme, samahani jamani, mimi hii simezi? Wangeuliza kwa nini. Na yeye mwenyewe alikuwa hajaniambia hata neno moja! Kutwa ukungu, kutwa mishumaa. Mara mlango ulie hivi, mara popo aruke vile. Nikikaa naye kwenye ngazi za chuo nikisema leo atasema, ananiuliza kama jeneza la mbao za mringa litapendeza!"

"Linapendeza," Mayenga akanong'ona, basi tu, kwa sababu hakuwa na akili nyingine.

"Nyamaza. Sijamaliza." Akamgeukia Kagaruki. "Kwa nini sikumeza, baba mkubwa, ni kwa sababu kaka sikumtaka. Kaka sina na sijawahi kulia kukosa kaka. Kama nikitafuta kaka nitamtafuta kwingine. Huyu, hapana."

Nilidhani mvua imepungua, kumbe ni masikio yangu. Mayenga alikuwa anamwangalia mwanangu kwa namna ambayo nikageuza uso nikatazama mwiko wangu, maana kuna mambo hata mama haruhusiwi kuyaona yote.

"Mmoja amemeza, mmoja hakumeza," nikasema. "Shemeji, wewe ndiye mjuzi wa mila. Mtu anaweza kuwa ndugu peke yake?"

Kagaruki alipapasa fimbo yake.

"Hawezi," akasema mwisho, kama mtu anayeng'olewa jino.

"Asante."

"Lakini bado sijamaliza na mimi." Akamgeukia Mayenga. "Kijana. Tuweke kahawa pembeni. Watu wa visiwani mnahama na samaki. Leo Bumbire, kesho Goziba, keshokutwa Ukerewe. Hamna kibanja, hamna mgomba hata mmoja. Nikikupa mtoto wa ndugu yangu, siku mkifa mtazikwa wapi?"

Hilo kwetu si swali dogo. Nililisikia likianguka kifuani mwangu kama jiwe. Kezia alitaka kujibu, nikamzuia kwa jicho. Lilikuwa la yule kijana.

Mayenga aliiachia nguzo.

"Baba yangu amezikwa kisiwani," akasema. "Mchangani. Ziwa likijaa maji yanafika karibu, tunakwenda kurundika mawe. Kila nikienda naogopa nitakuta kaburi halipo. Mwaka jana Kezia alituonyesha picha ya kwao, darasani, nikaona makaburi katikati ya migomba na mtu amekaa pembeni anamenya ndizi. Wenzangu walisema, he, inatisha! Mimi nilisema hawa ni watu wenye bahati. Hawamwachi mtu wao peke yake." Akapangusa maji begani. "Filamu ilianzia hapo, mzee. Sikutaka mtu atoke kaburini kwa ubaya. Nilitaka atoke kwa sababu amekosa wa kukaa naye. Kwa hiyo swali lako nalijua. Jibu sina leo. Lakini kibanja kinanunuliwa, na migomba inapandwa, na mimi nina mikono. Sitamchukua Kezia mpaka niwe na mahali ambapo ukija unaweza kukaa chini ya mgomba wangu na kunidharau vizuri."

Kagaruki alitazama nje, chini kule, bati jekundu la nyumba ya baba yake lilipoonekana kati ya majani, na pembeni yake mahali alipolala mdogo wake. Akatazama muda mrefu kuliko haja ya kutazama mvua.

Nami nikajua sasa ni zamu yangu. Moyoni nilisema, Bwana, nisimamie, maana sijawahi kumsogeza mtu huyu tangu nije kwenye nyumba hii.

"Shemeji," nikasema, "sogeza kiti. Mgeni wangu analowa."

"Mgeni wako?"

"Ukoo ni wako. Siku ya posa, ikifika, utakaa mbele na utasema yote, na mimi nitakaa nyuma kimya. Lakini mlango huu aliupachika mume wangu, akaniachia mimi. Na chakula kinapoa."

Tukaangaliana. Kisha shemeji yangu akainuka nusu, akaburuta kiti kando. Hakukiburuta sana. Aliacha nafasi ya mtu mmoja kupita ubavuubavu, naye tumbo limebanwa.

"Makaburi hapana," akanguruma. "Nyumba ya mawe pigeni picha. Na hilo jeneza lisilale ndani hata siku moja."

"Ndiyo, mzee."

"Karibu, mwanangu," nikamwambia Mayenga. "Ingia."

Akaingia ubavuubavu. Akasimama kwenye nyasi nilizotandika sakafuni asubuhi, maji yakimchuruzika, mbele ya Kezia, karibu kiasi cha kusikia pumzi, na hakuna aliyemgusa mwenzake. Walikuwa wanatazama ile punje kiganjani.

"Mwisho tumeupata," Kezia akasema.

"Binti hamezi," Mayenga akasema.

"Anaitunza. Ikifika asubuhi, mnyonya damu anadhani ameshinda, binti anafungua fundo."

"Halafu wanafanyaje?"

"Hilo," Kezia akasema, "nitakuambia ukiniuliza kwa mdomo wako mwenyewe. Si kwa mdomo wa jitu la kaburini."

Stellah akaanza kulia kwa sauti, akitafuta kamera yake kwenye mkoba. Kagaruki akamwambia akamwage machozi nje, humu watu wanakula.

Nikaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama tunavyomfanyia mgeni yeyote anayeketi. Kagaruki alichukua, nikachukua mimi. Nilipomfikia Mayenga mkono wake ulikwenda ukarudi. Akanitazama, akamtazama binti yangu, hofu ya kweli ikiwa usoni.

"Mama," akasema, "samahani. Hii nikiila, nitakuwa nani?"

"Hii haimezwi, inatafunwa," nikamwambia. "Utakuwa mgeni."

Akachukua punje moja, akaiweka mdomoni kwa uangalifu kama anayeshika kaa la moto. Kezia akacheka, kicheko chake kile kikubwa nilichokikosa tangu asubuhi, na huku akicheka alikuwa anaifunga tena ile punje nyingine kwenye pindo la kitenge, fundo juu ya fundo.

"Kwa leo," nikaongeza.